Pikipiki Isiyosimama

Mwaka ule swali moja liliniondolea usingizi, nalo lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona aibu kumwambia mtu: nikisimama katikati ya mlima, nitaweza kuondoka tena? Sikuuliza kwa mafumbo. Nilimaanisha mlima wenyewe, ule wa udongo mwekundu unaopanda kutoka kiwanda cha kahawa kilicho mtoni hadi kanisani, upande wa chini wa Githongo, na nilimaanisha pikipiki niliyokabidhiwa na kliniki pamoja na koti la mvua na kazi yangu ya kwanza baada ya chuo. Kuondoka mahali tambarare nilijua. Kuteremka nilijua pia, kwa kuomba. Lakini kusimama mahali ambapo ardhi imeinama, kisha kuondoka bila kurudi nyuma, bila injini kuzimika na bila pikipiki kuruka kama mbuzi aliyeshtuliwa, hilo lilinikaa kichwani hata nilipokuwa nikifua nguo. Nililala mguu wa kulia ukikanyaga breki ambayo haikuwepo, na asubuhi niliamka paja likiniuma.

Swali hilo limerudi wiki hii kwa sababu Mama Murithi amefariki. Mwanawe alinipigia simu nikiwa hapa Embu, ofisini, nikila chapati juu ya karatasi za kazi. "Dada Kendi," akasema, "mama ametuacha. Alikuwa amesema wewe uambiwe kabla ya watu wa kanisa." Nilimpa pole, nikamuuliza mazishi ni lini, kisha, kwa vile akili yangu haijawahi kujua la kuuliza wakati wa msiba, nikamuuliza barabara ya kwao ikoje siku hizi. "Waliweka lami mpaka kanisani," akasema. "Kutoka hapo kuteremka bado ni ile yako." Nilipokata simu nilikaa nikitazama ukuta hadi mwenzangu akaniuliza kama kompyuta imekwama.

Kliniki ilikuwa Meru mjini, katika nyumba ya kupanga yenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia watu ambao hospitali zilikuwa zimewarudisha nyumbani. Hatukuponya mtu. Tulipeleka mofini ya maji ndani ya chupa, tukaosha vidonda, tukakaa kwenye viti vya watu na kuwasikiliza. Sista Gatwiri, muuguzi aliyeiongoza, aliniuliza swali moja tu siku ya usaili, huku akikunja mashuka. "Unajua pikipiki?" Nikasema naweza kujifunza. "Wagonjwa wetu hawana muda wa kungoja watu wajifunze," akasema, "kwa hivyo jifunze haraka." Nilikuwa na digrii ya sosholojia na nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa nini ilifaa kwa kazi ile. Hakuiulizia. Wiki iliyofuata nilipangiwa eneo la Githongo, nikapewa mwalimu, Kirimi, mwanabodaboda wa steji ya pale, mwembamba, aliyevaa koti la baridi hata jua likiwaka na aliyeniita Madam Digrii kabla hajajua jina langu.

Kirimi alinifundisha kwenye uwanja wa shule, kisha kwenye kijilima cha nyuma ya soko. "Mguu wa kushoto chini, wa kulia kwa breki," alisema, akiwa ameketi nyuma yangu na mikono mifukoni. "Gia ya kwanza. Mpe mafuta kidogo. Sasa achilia klachi polepole. Polepole, si kama mtu anatupa kuku. Sikiza. Umesikia vile imebadilisha sauti? Umesikia vile imekaa chini huku nyuma? Hapo. Hapo ndio balansi. Sasa toa mguu kwa breki." Balansi ilikuwa neno lake kubwa, na ni la madereva wote wa kwetu: pale ambapo klachi imeshika nusu, injini inavuta, mlima nao unavuta, na pikipiki haiendi mbele wala hairudi nyuma. Ukiifikia balansi, kilichobaki ni kuachilia breki tu. Shida yangu ni kwamba nilipoifikia nilianza kufikiri. Nilijiuliza kama kweli hii ndiyo balansi au ni kitu kinachofanana nayo, kama niongeze mafuta au nipunguze, na wakati nikijiuliza mkono wa kushoto ulichoka, klachi ikafunguka, injini ikazima kwa kishindo. "Ulikuwa umefika," Kirimi alisema. "Ulikuwa umefika kabisa, halafu ukaanza mkutano."

Chumba changu kilikuwa nyuma ya hoteli ndogo ya pale sokoni. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, kwa hivyo kila asubuhi niliamshwa na mafuta ya mandazi na maneno ya watu ambao sikuwahi kuwaona vizuri. Nilikuwa na kitanda, jiko la gesi la mtungi mdogo, sufuria mbili, na kiti nilichokitumia kama kabati. Nilikunywa chai yangu nimekaa kitandani huku nikisikiliza bei ya miche, habari za binti wa fulani aliyeolewa Laare, ugomvi wa mipaka. Nilipenda sauti zile. Nilikuwa mgeni mahali ambapo kila mtu alimjua mwenzake, na kuwasikia kulinifanya nihisi kama niko nao mezani bila kulazimika kusema lolote.

Katika wiki yangu ya kwanza ya kwenda peke yangu, pikapu iliyobeba magunia ya mbolea ilitokea kilele cha mlima wa kiwandani nikiwa katikati nikipanda. Njia ilikuwa nyembamba. Nilisimama. Dereva alipita akinipungia mkono kwa adabu, vumbi likatulia, nikabaki peke yangu pale kwenye mwinuko, mguu mmoja chini na mwingine kwenye breki, na mkutano ukaanza kichwani. Nilitoa mguu kwenye breki kabla klachi haijashika. Pikipiki ilirudi nyuma, kwanza taratibu kama kitu kinachoomba ruhusa, kisha kwa haraka, ikaniangusha mtaroni na kunilalia. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa walikuja kuinyanyua. "Pole, mwari," waliniambia, yaani binti, wakaniokotea kofia, na mmoja akacheka kwa upole kwa sababu alidhani nami nitacheka. Ekzosi ilikuwa imenichoma kwenye kigimbi cha mguu. Alama iko hadi leo, na ninapovaa sketi watu hawaiulizii. Nusu ya kina dada wa Meru wanayo.

Tangu siku hiyo niliamua kutosimama. Nilifika kiwandani, nikazima injini na kusikiliza mlima. Kukiwa na sauti ya gari nilingoja. Kukinyamaza niliwasha, nikachukua mwendo kwenye tambarare ya mtoni, nikapanda kwa gia ya pili bila kumtazama mtu. Kwa watu wa kule hili lilikuwa kosa ambalo sikulipima. Mtu mzima akiinua mkono ukiwa njiani, unapunguza mwendo, unasimama, mnasalimiana, "muuga", na unaulizwa watu wa kwenu wameamkaje. Mimi niliinua kidevu nikapita. Akina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe waliinua mikono, mikono ikabaki hewani.

Niliyajua matokeo kupitia mbao za ukuta.

"Yule wa dawa amepita tena," sauti moja ilisema asubuhi moja, kijiko kikigonga kikombe.

"Alisimama kwa nani?"

"Hasimami, huyo. Huyo ukiona amesimama kwako, wewe piga simu uitishe tenti ya matanga."

Wakacheka. Mwingine, mwenye sauti nzito ya mtu aliyekula, akaongeza, "Kwa fundi wa cherehani alisimama, tukazika. Kwa ule mzee wa mtaro wa juu alisimama, tukazika."

"Mimi akikuja kwangu nitamwambia amekosea boma."

Niliweka kikombe chini ili kisigonge kitu. Hawakuwa wamekosea mambo yenyewe. Walikuwa wamekosea mpangilio tu: tulisimama penye watu wanaokufa kwa sababu tuliitwa wakati huo na si kabla, na kwingine sikusimama kwa sababu nilikuwa naogopa mlima. Nilifikiri kuzunguka mlango wa mbele, niwaeleze. Nilitunga maelezo yenyewe, yenye mwanzo, kati na hitimisho. Yalipokamilika hoteli ilikuwa imebaki tupu na msichana wa pale alikuwa akifagia.

Mama Murithi nilikutana naye kliniki, Meru. Alikuja peke yake na faili ya mumewe, Mzee Gitonga, ambaye alikuwa na saratani ya koo, ile iliyozoeleka sana milimani kwetu, inayoanza na mtu kulalamika kwamba ugali unakwama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nguvu, na alimsikiliza Sista Gatwiri hadi mwisho kabla ya kusema jambo lake. Dawa aliitaka. Lakini isifike nyumbani. "Nyumbani ni alsa," alisema, yaani vidonda vya tumbo. Sista Gatwiri aliuliza nani alisema ni alsa. "Mimi ndio nilisema," akajibu. Boma lao lilikuwa katikati ya ule mlima, lenye geti la bluu, na alikuwa ameshasikia yanayosemwa kuhusu pikipiki yangu. Alipendekeza tukutane kila Alhamisi kwenye veranda ya kanisa, kule juu. Angekuja na kiondo na ufagio kama mtu anayekuja kufanya usafi. Yeye hakutaka nisimame getini kwake, nami sikuweza kusimama. Sijawahi kukubaliana na mtu kwa haraka hivyo.

Kwa miezi kadhaa Alhamisi zilikuwa siku yangu ya kupumzika. Veranda ya kanisa ilikuwa na benchi la simenti lililo baridi hadi mchana. Mama Murithi alifungua kiondo, akatoa chupa ya chai na nduma zilizochemshwa, bado zina joto ndani ya kitambaa, nasi tukala tukitazama migomba na mibuni ikishuka hadi mtoni. Kisha chupa ya mofini iliingia chini ya sukumawiki. Nilimuuliza siku moja, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kwa nini afadhali alsa. Alimenya nduma polepole.

"Wakijua ni kansa watakuja na sukari," alisema. "Ukiona watu wanakuletea sukari, na hakuna mtoto amezaliwa, jua wanakuaga. Halafu ndugu zake watakuja kuangalia mpaka uko wapi. Mtu wa alsa bado anaulizwa kama atapogoa kahawa. Bado anaulizwa maneno ya mbele."

"Na yeye mwenyewe anajua?"

"Anajua alsa." Akanimiminia chai. "Na mimi najua alsa. Ni wewe tu unajua hiyo ingine."

Tangu wakati huo nimekaa katika mikutano mingi ya kazi kuhusu kumwambia mgonjwa ukweli. Nina hotuba nzuri juu ya jambo hilo, nami huitoa nikiombwa. Lakini kila ninapofika katikati ya hotuba humwona Mama Murithi akichagua sehemu ya nduma isiyo na nyuzi ili anipe mimi, na sauti yangu hupungua nguvu.

Mvua zilipoanza, barabara ya mlimani ilifunguka mifereji na kivuko cha mtoni kikazama, hata pikapu za mbolea zikaacha kushuka. Alhamisi moja Mama Murithi hakuja. Nilingoja hadi chai niliyojinunulia ikapoa. Nilimpigia simu, akasema kwa sauti ya chini, "Siwezi kumwacha. Hamezi. Hata mate hamezi." Niliacha pikipiki kanisani nikateremka kwa miguu, viatu vikijaa udongo, hadi kwenye geti la bluu.

Mzee Gitonga alilala kwenye chumba cha mbele, kitanda kikiwa kimesogezwa dirishani. Kulikuwa na redio yenye waya wa chuma badala ya eriali, kalenda ya duka la pembejeo, na viatu vyeusi vilivyopangwa chini ya kitanda kama vya mtu anayetarajia kutoka. Kulikuwa pia na harufu ambayo mtu akishaijua haisahau, na juu yake harufu ya chai. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati. Aliniangalia, akavuta funda la chai, akalizungusha mdomoni kwa muda mrefu macho yakiwa yamefumba, kisha akalitema taratibu kwenye mkebe uliokuwa pembeni. Mkewe alisema alikuwa akifanya hivyo tangu alfajiri.

"Wewe ndiye wa pikipiki," alisema. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

"Ndiyo, mzee."

"Ukifika hapa kwa geti unaongeza moto."

"Ni mlima, mzee. Nikipunguza nitarudi nyuma."

"Nilidhani ni mimi," akasema.

Mama Murithi aligeuka akaanza kufuta dirisha lililokuwa safi. Nilisimama uani, nikampigia Sista Gatwiri. Alisema kuna daktari anayekuja hospitali ya mjini keshokutwa, huwawekea watu mrija kooni ili njia ibaki wazi. "Hauponyi," akasema kabla sijauliza. "Lakini atameza. Chai, uji, dawa. Kwa muda." Gari la kliniki lingefika kanisani asubuhi hiyo, kushuka mlimani halingeweza. Ilibaki kumpandisha mzee kutoka getini hadi kanisani, umbali ambao mtu mzima akitembea hata hasimami kupumzika. Niliporudi ndani kuwaeleza, mzee alisikiliza akitazama kikombe.

"Nataka chai ipite," alisema. Hakusema lingine juu ya ugonjwa wake, siku hiyo wala baadaye.

Nikasema majirani wanaweza kumbeba kwa kiti. Nilidhani ni wazo la kawaida. Wagonjwa wengi nilikuwa nimewaona wakibebwa hivyo. Mama Murithi aliacha kufuta dirisha. Mzee ndiye aliyejibu. "Hapa mtu akibebwa na wanaume wanne, hata mbwa wanajua anaenda wapi. Mimi kwa hiyo geti nitatoka nikiwa nimekaa kwa pikipiki, kama abiria."

Nilikwenda kwa Kirimi. Alikuwa stejini, amelala kwa mgongo juu ya tangi la pikipiki yake, miguu kwenye usukani. Alinisikiliza bila mzaha, jambo lililonitia hofu zaidi. "Madam, mimi sibebi," alisema. "Si roho mbaya. Mtu akifia kwa kiti yangu, hakuna mama wa hapa atakalia hiyo kiti tena. Nitahama." Wenzake waliokuwa karibu walitikisa vichwa kukubaliana naye. Mmoja akasema hata baba yake mzazi, yeye alikuwa amempeleka hospitali kwa mkokoteni, si kwa pikipiki.

Basi ilibaki mimi. Nilirudi kwenye geti la bluu, nikasimama nje nikiwa na pikipiki niliyoiteremsha kwa kuikokota, nikazikagua zile hatua chache za barabara kama mtu anayenunua shamba. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata kama ningekuwa hodari kama Kirimi, mafunzo yake yasingenisaidia. Mbele ya geti maji yalikuwa yamekula upande wa kushoto wa barabara. Mguu wa kushoto ungetafuta ardhi na kukuta mtaro. Ilibidi mguu wa kulia ndio ushuke. Na mguu wa kulia ukiwa chini, breki ya nyuma haina wa kuikanyaga. Breki pekee iliyobaki ni ya mbele, ya mkono. Nami sikuwa na breki ya mbele. Hakuna aliyekuwa nayo. Siku pikipiki ilipokabidhiwa kwangu, Kirimi alichukua spana akalegeza waya wake hadi mkono wa breki ukawa wa kuning'inia, kama alivyofanya kila mtu pale stejini, kwa sababu kwenye mteremko wenye kokoto breki hiyo ikikamata ghafla hukurusha mbele, na wote walikuwa wamemzika mtu wa namna hiyo.

Nilijaribu njia nyingine zote. Nilimwomba Mama Murithi aweke jiwe nyuma ya tairi. Jiwe lilizama kwenye tope na kuteleza pamoja nami. Nilifikiria kumpakia mzee pikipiki ikiwa imeelekea chini, tuteremke hadi kiwandani, nigeuze kwenye tambarare, nipande kwa kasi kama kawaida yangu. "Kiwandani kuna foleni ya watu wote wa hii sehemu," Mama Murithi alisema. "Unataka nimpeleke akaangaliwe?" Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa njia rahisi kwangu, na niliipigania moyoni hadi nikachoka. Ningeweza kusema barabara haipitiki. Sista Gatwiri angeniamini, na pengine hata Mama Murithi angeshukuru kwa siri, maana alsa ingebaki alsa.

Asubuhi iliyofuata niliipeleka pikipiki stejini nikamwambia Kirimi akaze breki ya mbele.

"Unataka kufa?"

"Nataka kuondoka mlimani mguu wa kulia ukiwa chini."

Alitazama pikipiki, akatazama mguu wake mwenyewe, akaushusha chini akiwa ameketi, akaupandisha, akaushusha tena. Niliona akifanya hesabu niliyokuwa nimeifanya mimi. "Kwa Gitonga," alisema mwishowe. "Ule mtaro." Akachukua spana. Alikaza nati kidogo kidogo huku akilalamika kwa wenzake kwamba kuna siku atahojiwa na polisi kuhusu mkono huu. Kisha, bila kuombwa, akapanda nyuma yangu. "Twende nyuma ya soko. Mimi ndio mgonjwa."

Alikuwa mgonjwa mbaya sana. Nilipozima injini mara ya kwanza alijifanya amezirai. Nilipoachilia breki mapema tukarudi nyuma hadi kwenye ua la mtu, alisema, "Nikiwa maiti mnipeleke kwa mama, si kwa bibi." Lakini mkono wangu ulikuwa ukijifunza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema: vidole viwili vibaki vimevuta breki, kiganja na vidole vilivyobaki vizungushe mafuta, mkono mmoja ukishikilia na kusukuma kwa wakati mmoja. Mwanzoni kila nilipoongeza mafuta vidole viliachia. Halafu vikaacha kuachia. Mchana ulipokwisha Kirimi aliketi kimya nyuma yangu, nikasimama na kuondoka, nikasimama na kuondoka, na mara moja akasahau kushuka tulipofika juu. Hakunipongeza. Alishuka, akaushika ule mkono wa breki, akaubonyeza mara kadhaa kama mtu anayepima embe, akaenda zake.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imepumzika na udongo ulikuwa umeanza kushika. Mzee Gitonga alikuwa amevaa koti na kofia, na mkewe alikuwa amevipaka viatu vyake rangi. Tulimtoa tukimshika kwapani. Alikuwa mwepesi kuliko koti. Nilipanda kwanza, mguu wa kulia ukazama kwenye tope hadi kifundoni, breki nimeivuta. Mama Murithi alimketisha nyuma yangu, akamfunga kwangu kwa leso kama mtoto anavyofungwa mgongoni, kisha yeye mwenyewe akapanda nyuma yake na kumkumbatia. Pikipiki ilishuka nyuma kwa uzito, sehemu ya mbele ikawa nyepesi mikononi mwangu, nami nikaanza kuorodhesha kila kitu kinachoweza kutokea.

Mwanamke mmoja alikuwa akipanda kutoka kiwandani na debe tupu. Alitukaribia, akasimama, akatutazama sote watatu mmoja baada ya mwingine.

"Muuga," mzee alimsalimia, kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi.

"Muuga. Mnaenda wapi na asubuhi?"

"Meru," alisema Mama Murithi.

"Ni ile alsa?"

"Ni alsa."

Mwanamke aliweka debe chini. Hakuondoka. Alisimama ukingoni na mikono kiunoni, kama mtu aliyeamua kushuhudia, na juu yake niliona geti lingine likifunguka, na kichwa cha mtu. Niliwasha injini. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaongeza mafuta, vidole viwili vikiwa vimekaza, nikaachilia klachi hadi sauti ikabadilika na nyuma ikakaa chini. Ilikuwa balansi. Najua sasa yaliyokuwa yakitungoja: gari kanisani, daktari, mrija, chai ya kikombe cha bati iliyomiminwa na kumezwa hadi mwisho huku mkewe akilia jikoni, msimu mmoja wa mavuno ya kahawa, kisha tenti. Wakati ule sikujua lolote. Nilijua tu kwamba mlima unavuta na injini inavuta, kwamba pumzi ya mzee iko shingoni mwangu, ya moto na fupi, na kwamba mkutano umeanza tena kichwani na kila mjumbe ana hoja nzuri. Niliwaacha waendelee kuzungumza. Nikafungua vidole vya breki, kimoja, kisha kingine, nasi hatukurudi nyuma.